Weusi umekufa, kiwiko kimekatwa: picha ya Frans Hals niliyoichapisha Mwanza mara mbili

Niseme mapema: mimi ni fundi cherehani, si mtu wa sanaa. Nashona suti na magauni ya harusi hapa Kirumba, na picha hii iliingia kibandani kwangu kupitia simu ya mteja. Kijana wa Buzuruga, anaoa. "Shikamoo fundi. Nataka mkono kama huu." Nikadhani atanionyesha msanii wa Bongo Fleva. Kumbe ni mzungu wa mwaka 1624, kofia pana, sharubu zimepinda kwenda juu, mkono kiunoni, kiwiko amekitanguliza mbele kama anayekuambia umpishe njia.

Mkono wenyewe wa koti sikuuweza, nisidanganye. Koti limedariziwa kila mahali kwa nyuzi za dhahabu, nyeupe na nyekundu: nyuki, mishale, pembe zinazotoa moto, mafundo ya wapendanao. Mkono umechanwa kwa urefu ili shati jeupe lichungulie, na mwishoni kuna lesi iliyopinduliwa juu ya kifundo. Nikamwambia kijana mkato nitaupata, nyuki akawatafute kwingine. Tukamalizana kwa suti ya kawaida yenye kola ya satini. Lakini picha nikamwomba.

Mchoraji ni Frans Hals, na picha yenyewe inaitwa "Mwanajeshi anayecheka" (The Laughing Cavalier). Alizaliwa Antwerp, Ubelgiji ya leo, familia ikahama baada ya Wahispania kuuteka mji huo mwaka 1585, wakaishia Haarlem, Uholanzi, mji wa kitani na bia. Na baba yake alikuwa fundi wa vitambaa. Hapo nikasema ahaa. Maana ukiukuza huo mkono kwenye simu unaona mtu anayejua kitambaa kizito kinakunjika vipi kwenye kiwiko na chepesi kinakunjika vipi. Wachoraji wengi wanachora nguo kama ukuta uliopakwa rangi.

Kinachonimaliza ni lesi. Kuza mpaka mwisho: hakuna lesi hapo! Ni mikwaruzo tu ya rangi nyeupe, mtu ana haraka. Rudisha nyuma kidogo, ghafla unaweza kuhesabu meno ya pindo. Nimeikuza na kuirudisha mpaka betri ikaisha.

Basi nikataka iwe ukutani, pale wateja wanaposimama nikiwapima.

Duka la kwanza, mjini, silitaji. Wanachapa mabango ya harusi na kampeni. Walinitoza 35,000 na wakanipa saa moja. Niliporudi, fremu yao ilikuwa ya sentimita 60 kwa 80. Mchoro halisi, ulioko London kwenye jumba la Wallace Collection, ni kama 83 kwa 67, yaani mnene zaidi kuliko fremu hiyo. Badala ya kuniuliza, wakakata upande wa kulia. Upande huohuo ndiko kiliko kiwiko, na juu yake, pembeni, ndiko mchoraji alikoandika kwa Kilatini kwamba bwana huyu ana miaka 26 na mwaka ni 1624. Tarakimu za mwisho zikaliwa na mkasi. Sasa jina lake halijulikani mpaka leo. Umri na mwaka ndivyo vitu viwili tu alivyotuachia, na wao wamevitupa kwenye pipa la taka. (Hilo jina la "mwanajeshi anayecheka" alibandikwa Uingereza katika karne ya 19. Mwangalie vizuri, hacheki. Ni sharubu ndizo zinazocheka.)

Lakini kwa kukata ningewasamehe. Weusi ndio ulioniuma. Kofia, koti na joho vilitoka kitu kimoja, lami tupu, na vinang'aa kama bango la soda. Mtu anayeshona suti nyeusi kila wiki anajua hakuna "nyeusi". Kuna nyeusi ya sufu inayokunywa mwanga, kuna ya satini inayoutelezesha, kuna ya buibui lililofuliwa mpaka likaanza kuwa kahawia. Hals alizijua. Van Gogh, naye Mholanzi, alimwandikia mdogo wake mwaka 1885 kwamba Hals ana weusi wa aina 27. Mimi kwenye ile karatasi nilihesabu mmoja.

Duka la pili liko ghorofani, mtaa wa Rwagasore. Pale nikakuta kijana asiye na maneno mengi. Alilikataa faili langu la WhatsApp, akaniambia nilete kubwa. Mwanangu akalishusha, nikalipeleka kwenye flashi. Akachapa kipande cha upana wa kiganja, akakipeleka dirishani, akakilinganisha na kioo cha kompyuta. "Mama, nikiinua mwanga wa nguo, uso unapauka kidogo. Unachagua nini?" Nguo, nikamwambia. Akachapa kipande kingine, na kingine. Cha nne ndipo ukingo wa kofia ukaachana na kivuli chake. Kitambaa alichotumia ni turubai lisilong'aa, na hakukata hata uzi.

Lawama ninazo. Aliniahidi kesho, nikaipata siku ya tatu. Umeme ulikatika, sawa, ila simu angepiga. Na fremu ya mninga waliipaka vanishi jioni wakaianika kwenye roshani, wingu la vijidudu vya ziwani likaja kama yanavyokuja. Kumi na mbili wamekaukia kwenye mbao za chini. Nilitaka kurudisha, nikaacha. Jumla 90,000, na kwa kazi ile silalamiki.

Huyu Hals mwenyewe pesa hakuziweza. Mwaka 1654 mwoka mikate alimdai mpaka akachukua magodoro matatu, kabati, meza na picha tano. Uzeeni akaishi kwa posho ya mji, gulden 200 (fedha ya Uholanzi ya wakati huo) kwa mwaka, akafa 1666. Niliwahi kumwachia mwenye nyumba cherehani yangu kwa kodi ya miezi miwili, kwa hiyo niliposoma habari ya magodoro nilikaa kimya kidogo.

Bwana harusi alikuja Jumamosi kujaribu suti. Akasimama mbele ya kioo, akatazama ukutani, halafu bila kuambiwa akaweka mkono kiunoni. Bega la kushoto likavuta. Nikatoa pini, nikaanza kulifumua.