Tathmini ya darasa la jioni la Kiingereza mjini Lubumbashi: wajibu, ruhusa na uwezo

Malori yanayobeba shaba na kobalti hutoka Lubumbashi kuelekea mpaka wa Kasumbalesa, na ng'ambo ya mpaka huo, nchini Zambia, lugha ya serikali ni Kiingereza. Katika migodi yetu pia, baadhi ya mikataba na taratibu za usalama huandikwa kwa lugha hiyo, hata pale ambapo wafanyakazi wote wanazungumza Kiswahili kutwa nzima na Kifaransa wanapokuwa ofisini. Mtu anayesoma hati ya namna hiyo anahitaji kwanza kujua analazimishwa nini, ameruhusiwa nini na amekatazwa nini. Ndiyo maana nimeamua kutathmini sehemu moja tu ya darasa la jioni nililolifuata katika komuni ya Kampemba, yaani somo la vitenzi visaidizi vya wajibu, ruhusa na uwezo, kama "must", "may" na "can". Jina la kituo silitaji, kwa sababu nina malalamiko kadhaa, na vigezo nitakavyovitumia vinafaa kupimia darasa lolote la aina hii.

Nianze na lililo bora kuliko yote, nalo ni jinsi mwalimu alivyofundisha ukanushaji wa wajibu. Aliandika ubaoni sentensi mbili, "You mustn't pay here" na "You don't have to pay here", kisha akamuuliza dereva mmoja wa malori aliyekaa mbele zina tofauti gani. Dereva akajibu kwamba zote zinasema hapa hakuna malipo.

"Papa, karani amekuandikia ile ya kwanza, nawe umetoa pesa. Umekosea au hukukosea?"

"Nimekosea, Mwalimu. Amenikataza."

"Na kama ni ile ya pili?"

"Hiyo ya pili hanidai kitu. Nikitaka kutoa, ni shauri yangu."

Darasa zima lilielewa papo hapo, na naamini lilielewa kwa sababu mwalimu hakupitia Kifaransa. Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tumezoea "vous ne devez pas", maneno ambayo yanaweza kumaanisha kwamba umekatazwa au kwamba hulazimiki, na tunaibeba hali hiyo ya mashaka hadi kwenye Kiingereza, ambako "mustn't" ni katazo tu na "don't have to" ni kuondolewa wajibu tu. Kiswahili kina njia ya kutenganisha mambo hayo mawili bila taabu, kwani "usilipe" na "si lazima ulipe" haziwezi kuchanganywa na mtu yeyote sokoni. Mwalimu alitahadharisha, na ni haki yake kusifiwa kwa hilo, kwamba "hupaswi kulipa" huelea katikati, hivyo tusiitumie tunapofafanua sentensi hizo. Katika mgodi, mtu anayesoma "You mustn't enter" akadhani ameambiwa tu kwamba si lazima aingie, anaweza kuingia mahali penye mlipuko. Somo hilo peke yake linastahili ada ya mwezi.

Kwa upande wa uwezo, Kiswahili kilitugeukia kidogo. Kwa kuwa tunasema "naweza kwenda", wengi wetu tulitaka kuweka "to" baada ya "can" na "must", kosa ambalo lilirudi kila jioni na ambalo mwalimu alilisahihisha kwa subira isiyokwisha. Alieleza vizuri kwamba vitenzi hivi havipokei "s" ya nafsi ya tatu na haviwezi kufuatana viwili, kwa hiyo kwa wakati ujao husemwa "will be able to", na kwamba "must" ya wajibu, inapohamia wakati uliopita, huachia nafasi "had to". Alieleza pia jambo ambalo vitabu vingi huliruka: "could" hutaja uwezo wa jumla wa zamani, kama vile kuogelea utotoni, lakini lori likiharibika njiani na mkafaulu kulitengeneza siku hiyo, husemwa "we were able to repair it". Katika ukanushaji, "couldn't" hutosha kwa yote mawili.

Ruhusa ilifundishwa kwa adabu ya kwetu, na hilo lilinifurahisha. Mwalimu aliwaambia wanafunzi wakumbuke jinsi wanavyosema "naomba" wanapobisha hodi kwa mkubwa, kisha wachague "May I" au "Could I" mahali hapo, na kuiacha "Can I" kwa wenzao.

Sasa niseme yaliyonisikitisha. Neno "shall" lilipewa dakika chache tu, kana kwamba ni la kizamani, ilhali katika mikataba na viwango vya kiufundi ndilo linalobeba wajibu wenyewe. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, lina kanuni iliyo wazi kuhusu hati zake: "shall" ni sharti, "should" ni pendekezo, "may" ni ruhusa, na "can" ni uwezekano au uwezo. Fundi wa mgodini asiyejua kanuni hiyo atasoma "should" akaichukulia kama amri, au, jambo la hatari zaidi, atasoma "shall" akaichukulia kama ushauri. Katika mji wa migodi, kuliacha jambo hili pembeni ni upungufu mkubwa, na sioni sababu ya kuupunguzia uzito.

Upungufu wa pili uko masikioni. Mzungumzaji wa Kiingereza anapokwenda haraka, "can" hufifia hadi karibu isisikike, na mara nyingi "can't" hutambulika kwa irabu yake iliyokamilika kuliko kwa "t" ya mwisho, ambayo nayo humezwa. Mwalimu alisoma kila kitu polepole, hakuleta sauti zilizorekodiwa, na wanafunzi wanaofanya kazi mpakani walibaki wakijiuliza watayatofautishaje maneno hayo mawili kwa kusikia. Karatasi za fotokopi nazo zilianza vizuri kwa mifano ya barabara na mizigo, lakini kuanzia katikati zikawa za vituo vya treni vya London, na mazungumzo darasani yakapoa.

Ada ni dola 20 kwa mwezi, chumba ni cha shule ya msingi chenye madawati ya watoto, na wanafunzi ni wengi kuliko inavyofaa, kiasi kwamba anayekaa nyuma huzungumza mara chache sana. Kwa anayeanza, na hasa kwa dereva au karani wa forodha, nashauri ajiandikishe bila kusita, kwa sababu ya yale masomo ya katazo na ruhusa. Anayesaini mikataba au kusoma viwango vya usalama amwombe mwalimu, tangu jioni ya kwanza, amtengee muda wa "shall" na "should", na alete hati ya kazini kwake. Mimi nilileta ukurasa mmoja wa taratibu zetu, na mwalimu alikaa nami baada ya darasa hadi tulipoumaliza, mstari kwa mstari, bila kuniongezea ada.