Shamba la Wanyama au Kusadikika?

Kwa kikundi cha usomaji pale Kaloleni, Arusha, mimi ningeanza na Shamba la Wanyama, riwaya ya George Orwell. Kusadikika (1951) cha Shaaban Robert kina lugha tamu zaidi, hilo halina ubishi: Karama kizimbani, mshtaki Majivuno akimbana, wajumbe sita waliorudi na maarifa wakaishia gerezani. Ila wakubwa wake ni wabaya tangu mwanzo. Orwell (1945) anaonyesha wanamapinduzi wakioza: wanyama walipomfukuza Jones, mwenye shamba, amri ilikataza kulala kitandani; nguruwe walipohamia nyumbani kwake, ukutani ikawa marufuku kitanda chenye mashuka tu. Hapa Arusha nani asiyeelewa? Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kupangisha nyumba. Zanzibar, 1991, chama tawala, CCM, kikalegeza sharti hilo. Angalau kililegeza kikaoni, si usiku kwa ngazi na kopo la rangi, kama nguruwe wa Orwell walivyobadili amri ukutani.