Makumbusho ya Kijiji pale Kijitonyama: walimu mnaopanga wiki ya utamaduni anzieni hapa

Kama shule yenu inapanga wiki ya utamaduni na mmeshaanza kuchangisha wazazi hela za kukodi mavazi, simamisheni kwanza hilo zoezi, hela hiyo wapelekeeni watoto Makumbusho ya Kijiji. Wiki yetu imeisha na tangu iishe kwenye magrupu ya walimu naulizwa mlifanyaje mlifanyaje, basi naandika yote hapa.

Kwa asiyepajua, ni Dar es Salaam, Barabara ya Bagamoyo, ukishuka stendi ya daladala ya Makumbusho umefika. Ni tawi la Makumbusho ya Taifa, lipo tangu 1967, na sio jengo lenye makabati ya vioo kama wengi wanavyodhani, ni eneo la wazi lenye miti ambapo zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya nchi hii kwa saizi yake ile ile ya mtu kuishi, unainama mlangoni unaingia, unaona pa kulala, pa kupikia, vyungu, vinu, ghala la nafaka. Mtoto wa Sinza aliyezaliwa kwenye nyumba ya tofali na bati anaingia mle ndani anakaa kimya mwenyewe bila kuambiwa.

Kilichonikosha zaidi ni tembe la Wagogo. Paa lake ni bapa, limefunikwa udongo juu ya miti, na mwanafunzi mmoja akauliza papo hapo, "sasa mvua ikinyesha si linaanguka?" Muongozaji hakumjibu, akamrudishia swali, Dodoma mvua inanyesha sana au kidogo? Wakaanza kubishana wenyewe, kidogo, ndio maana udongo unakaa, na udongo unazuia joto, na miti mirefu ya kuezekea huko ni ya shida. Halafu akawapeleka moja kwa moja kwenye msonge wa Wahaya, nyasi kutoka kileleni mpaka karibu na chini, akawauliza tena, na Bukoba je? Hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa kitu, Bukoba mvua mwaka mzima, maji lazima yateremke haraka. Wakaenda kwa Wanyakyusa wakakuta mianzi, kwa Wazaramo wakakuta nyumba ya pembe nne ya miti na udongo, na kila wakifika wanatafuta wenyewe sababu kabla hawajaambiwa. Aisee somo hilo mimi na chaki yangu ningehangaika nalo muhula mzima.

Na hii ndio sababu nasema anzeni hapo, msimalizie hapo. Shule nyingi zinafanya kinyume, wiki nzima ni maonyesho ya mavazi na kucheka cheka, Ijumaa ndio trip. Sisi tulienda Jumatatu, na kuanzia Jumanne watoto walikuwa wanauliza "kwa nini wanafanya hivi" badala ya kusema "ona hawa wanavyofanya". Tofauti ni kubwa mno jamani, mtoto ambaye ameshaelewa kwa nini Mgogo ameezeka udongo hawezi tena kumcheka mwenzake anayetoka Dodoma.

Sasa suala la ukabila maana mtaulizwa tu. Mzazi mmoja alikuja kabisa ofisini, ana wasiwasi kwamba tunawafundisha watoto kugawanyana wakati nchi hii ilijengwa kwa Kiswahili na umoja. Nilimwelewa, sio mtu mbaya, ni kizazi kilicholelewa hivyo. Nilimwambia Mwalimu Nyerere mwenyewe 1962 ndiye aliyeunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, hakuona kwamba kujua ngoma za watu wako kunavunja nchi. Ila pia tulipanga vizuri, hatukugawa darasa kwa makabila hata kidogo. Tuligawa kwa mazingira, pwani, nyika, milimani, kanda ya ziwa, na kila mtoto akachagua anapotaka. Maana darasani kwangu kuna mtoto baba Mha mama Mdigo, kuna ambao hawajui kabila lao na nyumbani hawaongei chochote zaidi ya Kiswahili, kuna mwenye asili ya Kihindi, kuna ambaye wazazi wametoka Burundi. Ukisema kila mtu asimame na kabila lake hawa wote umewaweka pembeni siku ya kwanza tu, na hiyo haiwezi kuitwa sherehe ya tamaduni mbalimbali.

Siku ya pwani mama wa yule mtoto wa Kihindi alikuja na dhokla, kitafunwa cha unga wa dengu ambacho watu wa Gujarat kule India wanakijua sana, akaleta na chapati, sambusa na bajia, akawaeleza watoto kwamba hivi navyo asili yake ni ng'ambo ya bahari, vilikuja na majahazi na wafanyabiashara. Walibaki wanaangaliana, chapati! Yule mtoto siku hiyo alitembea kifua mbele, na mimi moyo wangu ulijaa kwa kweli.

Chakula kingine tulimpa kazi mama ntilie wa jirani na shule, makande, mlenda, ndizi na maharage, michembe ya usukumani, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ililetwa na mzazi, na senene waligombewa. Sheria ilikuwa moja, usipotaka usile lakini hakuna kukunja uso.

Ngoma. Makumbusho wana utaratibu wa ngoma za asili, ila ukienda na shule ulizia mapema uweke miadi, usitegemee kukuta tu. Kwetu kilichowagusa watoto ni muheme, ngoma ya Wagogo ambayo wapigaji wake ni wanawake, ngoma wamezibana katikati ya mapaja na zinalia haswa. Wasichana wangu walikuwa wanajua ngoma ni kazi ya kaka zao. Kuanzia hapo kila mapumziko kulikuwa na msichana anagonga ndoo nyuma ya darasa la nne, na walimu tukaacha wagonge.

Lalamiko langu kubwa ni kwa duka moja la kukodisha mavazi mjini, jina nalihifadhi. Tulilipa nusu mapema kwa ajili ya onyesho la Ijumaa, wakaleta rubega zilizochanika na sketi za majani za kwenye picha za kitalii ambazo hakuna kabila la hapa ninalolijua linazivaa, na hela hawakurudisha. Tukarudi kwenye kanga za bibi, misuli na kanzu za babu, vitenge vya mama, na onyesho likawa zuri kuliko tulivyopanga kwa sababu kila mtoto alikuwa na la kueleza kuhusu alichovaa, hii alivaa bibi siku ya harusi yake, hii imetoka Tanga.

Ya kuzingatia mkienda: andikeni barua mapema, ombeni muongozaji kwa jina la shule, kiingilio cha wanafunzi ni nafuu kuliko cha wageni kwa hiyo beba barua hiyo mkononi. Nendeni asubuhi, saa sita jua linawaka na mnatembea nje muda wote, kofia na maji ni lazima. Nyumba ndani ni ndogo na zina giza, wagaweni watoto makundi madogo madogo na mwalimu mmoja kila kundi, la sivyo wa nyuma wanaona migongo ya wenzao tu. Wapeni penseli na karatasi wachore, wanaangalia vizuri zaidi wakichora.

Umoja wa Mataifa wana siku yao ya tamaduni mbalimbali, 21 Mei, ratiba yetu tuliizungushia hapo kabla ya likizo ya Juni na ilikaa vizuri. Mwakani tunarudi na darasa la tatu.