Kupiga simu au kutuma ujumbe: njia mbili za shabiki kusikika redioni

Shabiki wa Dar es Salaam anayetaka kusikika katika kipindi cha michezo redioni ana njia mbili: kupiga simu studio, au kutuma ujumbe mfupi usomwe na mtangazaji. Ujumbe ni nafuu na hauhitaji subira ya kupiga namba ileile mara ishirini, lakini husomwa kwa sauti ya mtu mwingine, mara nyingi ukiwa umefupishwa, na hakuna anayeweza kumuuliza aliyeuandika alikuwa na maana gani.

Simu ni jambo jingine kabisa. Kesho yake baada ya mechi ya Simba na Yanga, klabu zilizoanzishwa mwaka 1936 na 1935 ambazo mitaa yao ya Msimbazi na Jangwani imo Kariakoo hiyo hiyo, mpigaji husikika akihema, nyuma yake honi za daladala, na mtangazaji humwomba kwanza apunguze sauti ya redio yake ili isivume hewani. Hapo ndipo mjadala huanza: akidai kwamba kocha alikosea kumtoa kiungo mkabaji, huulizwa yeye angemtoa nani, na lazima ajibu papo hapo huku mji mzima ukimsikiliza. Wapo wanaotukana, na mtangazaji hulazimika kuwakatia. Hata hivyo, naiona hasara hiyo kuwa ndogo.

Kwa salamu au swali fupi kwa mchambuzi, ujumbe unatosha. Kwa hoja inayohitaji kutetewa, nashauri simu, tena mapema, kabla laini hazijajaa.