Nimeijaribu kwa ufuta na korosho: spektromita ya mkononi baada ya msimu mmoja

Nina kibanda cha kubangua korosho hapa Masasi, na ukivunwa ufuta nakusanya pia. Kipimo changu cha unyevu siku zote kilikuwa mkono: nachota korosho, natikisa, ikilia ndani najua imekauka. Mama anayenibangulia ana sikio la ajabu, ila siwezi kuzunguka nalo kila kijiji. Nikajichanga, nikaagiza spektromita ndogo inayoshikwa mkononi, yaani kifaa kinachokisia unyevu kwa kutumia mwanga. Bei yake inakaribia ya bodaboda mpya, kwa hiyo nisomeni kwa makini.

Unaigandamiza kwenye mzigo, taa zake mbili zinawaka, mwanga unarudi, nayo inaangalia kilichomezwa kwenye mawimbi ya mwanga yenye urefu kati ya nanometa 900 na 1700, huko jicho halifiki. Maji humeza sana karibu na 1450. Majibu unayaona kwenye simu.

Kwa ufuta nimeridhika. Najaza kikombe, napima, nachanganya, napima tena mara tano, nachukua wastani. Lakini haikuja hivyo. Programu ilikuwa na ngano na mahindi, basi. Ilibidi niifundishe mwenyewe: sampuli arobaini, kila moja naipima kwa kifaa, naipima uzito, naikausha ovenini, napima uzito tena. Wiki tatu nzima, na jiko la dada yangu bado linanuka ufuta.

Korosho ghafi ndiyo iliyoniaibisha. Asubuhi moja baada ya manyunyu kifaa kilisema mzigo mbichi kabisa. Mama akatikisa, akacheka: "Mwanangu, hapo limelowa ganda tu." Tukakata kumi, karanga (kiini cha ndani ya korosho) kavu. Mwanga huu hauzami zaidi ya milimita chache, kwa hiyo unasoma ganda na mafuta yake, karanga hauifikii. Siku hizi naitumia kwenye karanga zilizobanguliwa peke yake.

Je, udogo umeiharibu? Kwa kazi hii, hapana. Spektromita kubwa ya mezani ina nafasi ya kuutandaza mwanga. Ukifupisha njia, mawimbi yaliyo jirani yanapandana. Ukibana tundu la kuingizia mwanga yanaachana, ila mwanga wenyewe unakuwa hafifu. Alama ya maji ni pana, haihitaji mawimbi yatenganishwe kiasi hicho. (Jamaa aliyenishawishi niifanyie biashara ya vito vya Tunduru, mwacheni: rangi za mawe ziko kwenye mwanga unaoonekana, na hii haioni huko.)

Joto linaisumbua. Ukiiacha juu ya turubai saa saba mchana, namba zinaanza kurukaruka. Naiweka kivulini, nafuta vumbi kwenye kioo, na kila baada ya magunia machache napima upya kile kigae cheupe cha kulinganishia.

Mwenye ufuta, nunua. Mwenye korosho ghafi tupu, mashine ya kawaida ya unyevu inakutosha. Na kabla hujatuma hela, muulize muuzaji kama programu inakuruhusu kuingiza sampuli zako mwenyewe. Baadhi wanalitoza hilo kila mwaka.