Wakala wa manesi kwa hospitali ya muda: nyota tatu, na moja ni ya mratibu wa usiku

Naanza na maksi kabisa ili asiye na muda asome hapa aende zake: nyota tatu kati ya tano, na zingekuwa mbili kama isingekuwa mratibu wao wa usiku ambaye nitamfikia huko chini.

Mie nilikuwa in-chaji wa wauguzi kwenye hospitali ya muda wakati wa korona, zile zinazowekwa kwenye ukumbi mkubwa, mnagawanya na vizuizi vyepesi, mnapanga vitanda, siku chache mmefungua. Wafanyakazi wengi walikuja kupitia kampuni ya wakala. Jina naliacha, maana nilichokiona kwao nimekisikia kwa wenzangu waliotumia mawakala wengine kabisa. Naandika kwa ajili ya yule ambaye kesho ataambiwa na bosi wake tafuta wakala haraka, naye ataenda kuuliza maswali mawili tu, mnaweza kuleta wangapi na lini. Hapo ndo tunapopigwa.

Maana kwa maswali hayo mawili hawa jamaa wako vizuri bwana. Waliahidi ndani ya saa 48 na ndani ya saa 48 basi likafika, watu wakashuka na mabegi yao, tukahesabu, idadi imetimia, uongozi ukapiga picha, kila mtu meno nje. Kasheshe ikaanza nilipokaa kupanga rosta. Nilitumiwa jedwali lenye majina, namba za leseni na safu ya uzoefu, na kwenye ile safu karibu kila mstari umeandikwa ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, ICU, ICU mpaka chini. Nikasema haiwezekani, nikawa namuuliza mmoja mmoja kabla hajaingia kuvaa mavazi ya kujikinga, mashine ya kupumulia umeishika lini mara ya mwisho? Kaka mmoja mstaarabu sana akanijibu bila kuficha, sista mimi ni wa kliniki ya watoto, ICU nilipita nikiwa mwanafunzi. Mwingine ametoka chumba cha upasuaji, huyo njia ya hewa anaijua kuliko wengi wetu ila hajawahi kukaa na mgonjwa mmoja zamu nzima akimpunguzia dawa ya usingizi kidogo kidogo. Wa tatu ndo nesi wa ICU mwenyewe, yaani unaongea naye macho yake yameshahamia kwenye alamu ya kitanda cha jirani. Kwenye jedwali wote watatu wako sawa, na ankara ilipokuja wote watatu bei moja.

Sijasema wale wawili hawafai. Wanafaa sana, tena yule wa watoto aliishia kuwa mtu wangu wa kutegemewa kwenye dawa na vipimo. Shida ni kwamba ukiambiwa kumi ni wa ICU unapanga vitanda kwa kumi, kumbe una watatu. Kwa wasioijua kazi hii, kiwango cha kawaida Uingereza ni nesi mmoja kwa mgonjwa mmoja aliye kwenye mashine, na mwezi Machi 2020 walipoona maji yamefika shingoni wakaruhusu nesi mmoja wa ICU asimamie wagonjwa hadi sita, ILA akiwa na wasaidizi chini yake, manesi wa wodi nyingine na wahudumu. Watu wanaishika hiyo sita wanasahau wasaidizi. Hesabu ya namna hiyo, yaani kwa kila fundi mmoja niletee wasaidizi wangapi na wa aina gani, wakala wetu hakuwa nayo kabisa. Fomu yake ya kuagizia ina kisanduku kimoja: idadi.

Nieleze kitu kimoja muone kwa nini nalalamika. Mgonjwa wa korona aliyezidiwa mara nyingi analazwa kifudifudi, saa 16 hivi, ili mapafu yapate nafasi. Kumgeuza kunataka watu watano mpaka saba. Mmoja anakaa kichwani ameshika mrija wa kupumulia, huyo ndo mwenye amri, wengine pembeni na mashuka, mwingine anaangalia nyaya na dripu zisinaswe. Timu inayojuana inamaliza kimya kimya. Sasa chukua watu waliokutana jioni hiyo hiyo, wote wamejifunika unaona macho tu, majina yameandikwa kwa maka pen kwenye plasta iliyobandikwa kifuani na jasho limeshaanza kuibandua. Usiku mmoja aliyekuwa kichwani akahesabu moja, mbili, tatu, nusu ya watu wakageuza kwenye tatu na nusu wakawa wanasubiri tatu iishe, maana walikotoka ndo wanavyofanya. Mrija haukutoka, tulishukuru Mungu, lakini daktari wa usingizi alikaa chini kabisa sakafuni kidogo kabla ya kuendelea. Hakuna aliyekosea pale, kila mmoja alifanya alivyofundishwa kwao. Kuanzia kesho yake kila zamu ikawa inaanza kwa kugeuza mtu mzima mwenye afya kitandani, mara mbili, kwa maneno yaleyale, na hilo tulijitungia wenyewe, wakala hakuwa na chochote cha namna hiyo.

Na sio sisi tu tuliojikuta hivyo. London walifungua hospitali ya muda ya Nightingale kwenye ukumbi wa maonyesho wa ExCeL tarehe 3 Aprili 2020, imejengwa kwa siku 9, inaweza kupanuliwa mpaka vitanda 4,000, dunia nzima ikapiga makofi. Wimbi lile la kwanza waliotibiwa pale walikuwa 54. Sababu zipo kadhaa, kubwa na nzuri ni kwamba hospitali za kawaida zilijibana zikaongeza vitanda vyao wenyewe, lakini magazeti ya wakati ule yaliandika pia kuhusu wagonjwa waliokataliwa kwa sababu manesi wa ICU hawatoshi. Na wangetoka wapi? Walikuwa hukohuko kwenye hospitali zilizokuwa zinaomba kuhamisha wagonjwa. Ni kutoa kiraka kwenye goti ukashone kwenye kiwiko.

Wuhan kule China, korona ilikoanzia kuonekana, ilikuwa tofauti. Hospitali yao ya dharura ya Huoshenshan ilikuwa na vitanda 1,000, na video za wale wajenzi kila mtu aliziona, siku kama kumi hivi jengo limesimama. Wachache walioangalia nani aliingia ndani: wahudumu 1,400 wa jeshi, watu wenye mnyororo wao wa amri tayari. Na mkoa mzima wa Hubei, ambao Wuhan ni mji wake mkuu, ulipelekewa zaidi ya watu 42,000 wa afya kutoka mikoa mingine, wengi wakiwa timu nzima za hospitali moja, daktari wao, nesi mkuu wao, wanakabidhiwa wodi wanaiendesha. Najua serikali ya China ina nguvu ya kuamuru ambayo wakala wa kulipwa kwa zamu hana, lakini somo la kuleta timu badala ya mtu mmoja mmoja halihitaji amri ya serikali, linahitaji tu mtu wa kupanga. Hata WHO, Shirika la Afya Duniani, kwenye utaratibu wao wa timu za matibabu ya dharura wanahesabu timu, tena inatakiwa ije inajitegemea, mpaka maji na malazi yake. Wakala wetu angeweza kabisa kusema hawa wanane walishafanya kazi pamoja, wachukue kama walivyo. Nilipomuuliza mtu wao wa mauzo akasema mfumo hauna kipengele hicho, basi tukaachana.

Alafu kuna wale ambao hamna aliyewaagiza kwa sababu hakuna aliyewakumbuka. Kila mtu anaagiza manesi na madaktari. Nani ameagiza mtu wa oksijeni? Mtungi mkubwa wa lita 6,800 ukiufungua lita 15 kwa dakika unaisha kwenye saa saba na nusu, sasa zidisha kwa wagonjwa walio kwenye mitungi uone ni watu wangapi wanatakiwa kukaa macho usiku kwa kazi hiyo tu, kusukuma, kufunga, kufungua, kusoma geji. Wasafishaji wanaojua klorini inachanganywaje. Mtu wa famasi. Wa kufua. Yule anayesimama mlangoni kwenye chumba cha kuvulia anakuangalia unavua gauni na glavu hatua kwa hatua, anakusimamisha ukitaka kujigusa uso, huyo ni mtu muhimu kuliko nusu ya mameneja na hayumo kwenye orodha ya wakala yeyote niliyemuona. Tuliishia kuwaweka manesi kwenye hizo kazi, yaani tunalipa bei ya nesi kwa kazi ya kusukuma mitungi. Hapo nimekata nyota moja nzima.

Barakoa nayo. Walikuja bila kupimwa kama barakoa ya N95, ile ya kuchuja hewa inayotakiwa kubana uso, inawakaa sawa, na wengine wana ndevu zao nzuri tu, na barakoa hiyo kwenye ndevu haishiki. Asubuhi ya kwanza tukaipoteza kwenye kupima watu na kutafuta nyembe. Kitu cha kumalizwa kabla ya kupanda basi kabisa.

Programu yao ya simu ya kupangia zamu sina ugomvi nayo sana. Unaona nani amekubali zamu, nani amekataa, leseni ya mtu ikikaribia kuisha inakuletea alama nyekundu, na ukaguzi wa leseni walifanya kwa uhakika, sikukuta feki hata mmoja. Kitu ambacho haikuzuia ni mtu kuwa na zamu mbili sehemu mbili. Kuna waliokuwa kwetu usiku na asubuhi wanaenda kituo kingine, kupitia wakala huyohuyo, programu hiyohiyo, na mfumo unawapa tiki ya kijani. Achana na uchovu, hapo unasafirisha virusi. Uingereza mwaka 2020 utafiti kwenye nyumba za kulelea wazee ulikuta zile zilizotumia wafanyakazi wa muda karibu kila siku zilikuwa na maambukizi zaidi, na hii sio siri ya wataalamu, ilitangazwa. Nilipowaambia, wakala walijibu kwamba hawawezi kumzuia mtu kutafuta riziki. Kumzuia mtu kwenye riziki ni jambo jingine, kumuuzia zamu mbili zinazofuatana ni biashara yenu.

Na hapohapo kuna jambo la mtu akiumwa. Mkataba ulikuwa kimya. Nesi akikohoa, akitakiwa ajitenge siku kadhaa, nani anamlipa? Wakala anasema hospitali, hospitali inasema wakala. Unadhani mtu mwenye watoto wanaosubiri ada atasema ana homa? Atameza panadol aingie zamu. Sikulaumu mtu, nilianza tu kupima joto mwenyewe mlangoni na nikawa na ugomvi wa kila wiki na ofisi ya fedha mpaka wakakubali kulipa siku za kujitenga. Bila hilo tungeangushana wote.

Sasa mratibu wa usiku. Huyu dada alikuwa nesi zamani kabla hajaenda ofisini na ilionekana. Unapiga simu saa tisa usiku, anapokea mlio wa pili, na hakuulizi unataka wangapi. Anauliza, nani amekosekana na alikuwa anafanya kazi gani? Nikimwambia amekosekana anayeshika kichwa wakati wa kugeuza, ananiambia sina wa ICU saa hizi ila nina wawili wa chumba cha upasuaji wanaolala karibu, njia ya hewa wanaijua, mmoja aliwahi kufanya kwako wiki iliyopita anajua vitu vinakaa wapi, nimtume? Mtume mama! Alikuwa ana daftari lake. Daftari la karatasi kabisa, ameandika nani anaweza nini, nani na nani wanaelewana, nani asipangwe usiku mfululizo. Kampuni nzima ina programu ya kupendeza na kitu cha maana kiko kwenye daftari la mtu mmoja, na akiwa likizo tunarudi kwenye kuhesabu vichwa tu.

Ukitaka kuwatumia: kwa wodi ya wagonjwa wa wastani, wale wa oksijeni ya pua na kupimwa kila baada ya saa chache, wachukue bila wasiwasi, wako haraka na watu wao wengi ni wachapakazi wenye roho nzuri. Kwa ICU usisaini mpaka fomu yao iandike mashine gani mtu ameshika na lini, wakubali kuwalipia siku moja ya mazoezi kabla ya zamu ya kwanza, wakuhakikishie mtu hana zamu kwingine, na siku za kujitenga ziandikwe nani analipa. Na omba mratibu awe mtu aliyewahi kufanya wodi. Walinigomea kwenye siku ya mazoezi, wakasema hakuna mteja anayeomba hivyo.

Malalamiko yangu niliyaandika rasmi. Walijibu baada ya muda, kwa adabu, wakatupa punguzo na wakabadilisha ile safu ya uzoefu, sasa ina sehemu ya kujaza mwezi na mwaka. Mkataba tuliurefusha kwa wodi moja tu. Ya ICU tukaomba timu nzima kutoka hospitali mbili za kudumu, kwa kupokezana, kila timu inakuja na nesi mkuu wake.