Kunqu mjini Suzhou: nachukua jioni ya vipande, si mchezo mzima

Nyota 4 kati ya 5. Kwa mgeni wa Kunqu, opera ya kale ya China, tiketi ya kununua ni ya jioni ya vipande: matukio machache kutoka michezo tofauti, kwenye ukumbi mdogo. "Banda la Peoni", mchezo wa mwandishi Tang Xianzu wa mwaka 1598, lina matukio 55, na mara nyingi huchezwa tukio moja moja. Tukio la bustani na ndoto linakutosha kabisa: Du Liniang anatembea bustanini na mjakazi wake, anarudi kulala, anamwota kijana. Bustani yenyewe haipo jukwaani. Ipo meza na viti viwili; maua unayaona pale mwigizaji anapoelekeza upepeo wake na macho yake yanapofuata. Kwa hiyo kaa mbele, katikati.

Soma maneno kabla ya kuingia. Tangu mwanamuziki Wei Liangfu alipoufinyanga upya uimbaji wa Kunshan, mji jirani na Suzhou, katika karne ya 16, silabi hutamkwa kwa kichwa, tumbo na mkia, yaani mwanzo, kati na mwisho, na silabi moja yaweza kuvutwa kwa noti nyingi. Aliyezoea matari na sarakasi za opera ya Beijing atasinzia, sitamlaumu.

Sikiliza filimbi ya mwanzi, ndiyo inayomshika mwimbaji mkono. Tundu lake moja hufunikwa utando mwembamba wa tete. Unyevu ukiulegeza, mlio unafifia; ukikazwa mno, unakosa ule mtetemo wake.

Nyota niliyoipunguza ni ya vipaza sauti. Ukumbi mmoja uliwafunga waimbaji maikrofoni, filimbi ikamezwa, na manukuu ya skrini yakachelewa mstari mzima. Uliza kabla ya kulipa.

Mchana pitia Jumba la Makumbusho ya Kunqu, ndani ya Quanjin Huiguan, jengo la wafanyabiashara wa mkoa wa Shanxi enzi ya nasaba ya Qing. Inua macho juu ya jukwaa la kale uone kuba la mbao zilizochongwa. Ujue pia kwamba sanaa hii ilikaribia kufa: mwaka 1921 Suzhou ilifunguliwa shule ya kuwafunza vijana, na mwaka 1956 mchezo wa "Tungo Kumi na Tano za Sarafu", ulioletwa Beijing na kundi la mkoa wa Zhejiang, ukairudishia watazamaji. UNESCO iliitambua mwaka 2001.